Mapigo Nyuma ya Mstari

Studio ya Bundala ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la nyavu, mjini Bukoba, na mwaka ule wa mvua za Elinino bati lake lilipiga kelele kuliko kwaya nzima. Ndiyo maana alikataa kurekodi ngoma za ngozi. Alijaribu mara moja tu, maikrofoni yake ikanasa ngoma, mvua na ugomvi wa wauza dagaa wa jirani, akaapa kwamba hatarudia. Bundala alikuwa Msukuma aliyefanya biashara ya sangara kisiwani Bumbire kwa miaka mitano, na fedha zake, badala ya kuzinywa kama wenzake, alizinunulia kompyuta kuukuu, kinanda, na kibao cha plastiki chenye miraba minane ya mpira. Ukigonga mraba mmoja kwa kijiti, kompyuta inatoa sauti ya ngoma kubwa. Ukigonga wa pili, ngoma ndogo. Mvua haiingii.

Siku hiyo mbele ya kibao aliketi Protase, mpiga ngoma wa kwaya ya kigango kimoja cha Kanazi, mkulima wa migomba na kahawa, mtu mzima wa miaka arobaini na minne aliyekuwa amevishwa spika za masikioni kwa mara ya kwanza maishani mwake. Bundala alikwisha kutengeneza mdundo wa kompyuta, mfupi, unaojirudia bila kuchoka kuanzia mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Kazi ya Protase ilikuwa kuusikiliza na kupiga ngoma zake juu yake, ili kaseti ya kwaya isisikike kama saa ya ukutani. Alipiga nyimbo tatu amefumba macho. Vijiti vilitua kwenye mpira, tap, tap, na aliyekuwa nje ya zile spika hakusikia chochote cha maana.

Mwenyekiti wa kwaya, mzee Kagaruki, alikuwa amesimama nyuma ya Bundala akitazama kioo cha kompyuta. Huyu alikuwa karani wa mizani ya kahawa kwa miaka thelathini kabla ya kustaafu, na kitu chochote kinachopima kilimvuta. Akauliza ile mistari iliyosimama ni ya nini. Bundala, ambaye alipenda kufundisha, akamweleza kwamba kila mstari ni mahali pigo linapotakiwa kukaa, na vile vidoa vyeusi ndiyo mikono ya Protase. Kompyuta haikuweka sauti ya mkono. Iliweka mraba uliogongwa, nguvu ya kugonga, na wakati wenyewe hadi vipande vidogo vya sekunde.

"Mbona vidoa vyote viko nyuma ya mistari?" Kagaruki aliuliza.

"Amechelewa kidogo, mzee. Sikio haliwezi kujua. Nitavinyoosha."

"Vyote amechelewa? Hata kimoja hakuwahi?"

"Hata kimoja," alisema Bundala, akabonyeza kitufe, na vidoa vikarukia mistari kama wanafunzi waliomwona mwalimu mkuu.

Kagaruki hakuvitazama vilivyonyooshwa. Alikwisha kuona alichokiona. Alikuwa amezika kaka wawili na mkwe mmoja katika miaka sita, na baada ya kila mazishi alikaa akikumbuka ni lini hasa mambo yalianza. Kaka mkubwa alianza kwa kuangusha vikombe. Wa pili unamwita leo, anageuka kesho. Miaka ile kila mtu Kagera alikuwa daktari wa mwili wa jirani yake: nywele zilipimwa, midomo ilipimwa, kikohozi cha kanisani kilihesabiwa, na mtu akikonda kwa kulima tu aliombewa kabla hajafika nyumbani. Sasa na mikono ilikuwa imepata mashine yake.

Protase alivua spika, jasho likimtoka kwa furaha, akauliza imekaaje.

"Imekaa," alijibu Kagaruki, akachukua mwavuli wake.

Alikuwa na sababu ya kutembea akiwaza. Mwanawe Datius, mwalimu wa shule ya msingi aliyepanga vyumba viwili Kahororo, alikuwa amemchumbia Kokuberwa, binti wa Protase, na harusi ilikuwa imepangwa Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka.

*

Mshenga alikuja Jumatano. Mushumbusi alikuwa mtu mnene, mcheshi, ambaye kwa kawaida ulianza kumsikia akicheka tangu barabarani. Siku hiyo alifika kimya, akakataa kiti kizuri, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango. Getruda, mke wa Protase, alikuwa akimenya ndizi. Alipouona tu mkao wake alijua habari si njema, lakini aliendelea kumenya, kwa sababu kisu mkononi kilimpa mahali pa kutazama.

Mushumbusi alizunguka sana. Alisifu migomba, akalaani mvua, akauliza habari za wavulana wawili wa nyumba ile, mmoja darasa la tatu na mwingine la tano. Mwisho akasema kwamba upande wa mume hawajakataa, wasieleweke vibaya, ila wanaona harusi isubiri kidogo.

"Isubiri nini, waitu?" Getruda aliuliza.

"Wanasema Ta Protase aangalie afya yake kwanza."

"Nani kasema anaumwa?"

"Kompyuta."

"Kompyuta ya hospitali gani?"

"Ya studio," alisema Mushumbusi, na akawa wa kwanza kuona aibu.

Protase, aliyekuwa ameegemea mwimo wa mlango, alicheka. Alicheka kwa sauti, akapiga paja, akasema Kagaruki sasa amezeeka rasmi. Halafu akamwona mkewe hacheki, na kicheko kikamwishia mdomoni. Getruda alikuwa anaitazama mikono ya mumewe.

Mushumbusi alipoondoka Getruda alirudi kwenye ndizi zake. Mwaka uliopita Getruda alitokwa na malengelenge ubavuni, ule ugonjwa wanaouita mkanda wa jeshi, na katika mkoa ule hakuna mtu mzima asiyejua mkanda wa jeshi unatangulia nini. Aliuficha kwa gauni refu hadi ukapona. Protase aliuona, akampaka dawa kwa mkono wake, na tangu siku hiyo hawakuutaja. Kila mmoja alifikiri akinyamaza anamhurumia mwenzake.

Lakini Getruda alikuwa amewaza. Alikuwa ameona yaliyotokea kwa watoto wa dada yake Joviana kule Muleba: wazazi walipokwisha, baba wadogo waligawana kibanja, na watoto nao wakagawanywa, huyu huku, yule kule, mmoja akapelekwa visiwani kuanika dagaa na hakuna aliyejua tena kama anasoma. Getruda alijiambia kwamba wavulana wake hawatagawanywa. Kokuberwa akiwa na nyumba yake Kahororo, na mume mwenye mshahara na moyo mpole, wadogo zake watakuwa na mlango wa kubisha. Kwake ile harusi haikuwa sherehe. Ilikuwa paa la watoto watatu, na sasa lilikuwa linaondolewa kwa sababu ya vidoa.

*

Habari za namna hii hazihitaji kutangazwa. Jumapili benchi la Protase kanisani lilikuwa na nafasi ambayo halikuwa nayo Jumapili iliyopita. Kwenye mazoezi ya kwaya alimkuta kijana mwingine ameshika ngoma, na akaambiwa kwa upole mwingi kwamba wameona wampumzishe. Upole ndio uliomuumiza. Mtu akikutukana unajua pa kusimama.

Alhamisi kulikuwa na msiba jirani, wa tatu mwezi ule. Wanaume walikaa chini ya turubai, kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, kikizunguka mkono hadi mkono kama kawaida. Kilipokaribia kwa Protase, mwenye nyumba aliingia ndani mbio akatoka na kikombe cha plastiki, chekundu, cha mtoto, akamimina humo.

"Hiki chako, Ta Protase. Ujinafasi."

Protase alikunywa. Alikunywa yote, kwa sababu kukataa kungekuwa kulijibu swali ambalo hakuna aliyemuuliza kwa mdomo. Kisha alikaa na kile kikombe mikononi bila kujua akirudishe kwa nani, akaenda nacho nyumbani.

Kesho yake alivaa koti lake la kanisani akaenda kwa Kagaruki. Njiani alipanga maneno makali. Alipokelewa barazani, akapewa kiti, akaulizwa habari za wote. Alisubiri kile kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ambacho hakuna mgeni katika nyumba ya Mhaya anayekaa bila kupewa, hata mdai. Kikapu hakikuja. Alikiona kupitia mlango uliokuwa wazi, kiko mezani, kimefunikwa. Maneno makali yakamtoka yote akabaki mtu anayeomba.

"Ta Kagaruki, unanijua tangu utoto. Umeniona nimelala kitandani siku ngapi?"

"Kaka yangu naye hakulala. Alianza kwa kuchelewa."

"Kuchelewa kwa kitu ambacho sikio halisikii?"

"Ndiyo nasema. Sikio lingekuonea huruma." Kagaruki hakuwa na ubaya usoni, alionekana mtu aliyelala vibaya siku nyingi. "Mimi nimekaa na mizani miaka thelathini, waitu. Mtu anakuja na gunia lake, anaapa kwa watoto wake kwamba limejaa. Ule mshale hauna undugu na mtu. Na mimi nimebakiwa na mtoto mmoja wa kiume."

"Kokuberwa hana kosa."

"Sijasema ana kosa. Nenda hospitali, wakupime, uniletee karatasi. Nikiiona karatasi, harusi iko palepale."

Ilikuwa haki, na hilo ndilo lililomtisha Protase. Alirudi akipita kwenye mibuni ya watu, akajaribu kupiga makofi kwa mwendo wa hatua zake, akisikiliza kama kweli mikono inachelewa. Haikuchelewa. Au yeye ndiye hakuweza kusikia. Alikuwa mwoga wa ile karatasi kuliko wa kitu kingine chochote duniani, na alijua ni mwoga, na kujua hakukumsaidia.

*

"Basi nitakwenda mimi," alisema Getruda alipoelezwa. "Yangu ikiwa safi, ya kwako ni safi. Tutampelekea yangu."

Protase alimwambia asiende Bukoba, kuna macho mengi. Hakumwambia asiende kabisa. Baadaye alijilaumu sana kwa hilo, kwa jinsi alivyoshukuru moyoni kwamba ni mkono wa mkewe utakaochomwa.

Getruda alipanda gari kwenda Muleba, akawaaga majirani kwamba anakwenda kuwaona watoto wa marehemu dada yake. Katika hospitali moja kule alikaa kwenye benchi la wanawake ambao wote walikuwa wamekuja kuona watoto wa marehemu dada zao. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Muuguzi alimtoa damu, akampa namba badala ya jina, akamwambia arudi baada ya siku kumi.

Siku kumi hizo alifanya kazi kama mtu anayehama. Alimfundisha Kokuberwa jinsi ya kushona mashati ya wavulana bila mshono kuonekana. Alimwonyesha mipaka ya kibanja, mti kwa mti. Kokuberwa, binti wa miaka kumi na tisa mwenye akili na mdomo, alimuuliza kama mtu anayeachwa na mchumba anahitaji kujua mipaka ya shamba la baba yake. Mama yake alimwambia anyamaze ashike sindano.

*

Siku ya kumi Getruda aliondoka alfajiri. Protase hakuweza kukaa nyumbani. Alitembea kutoka jikoni hadi barabarani na kurudi, mara nyingi, hadi Kokuberwa akasema, "Taata, twende kwa huyo Bundala. Wewe hujamuuliza hata neno." Ilikuwa kweli. Alikuwa amewauliza watu wote isipokuwa mwenye mashine.

Bundala hakujua lolote. Alipoelezwa, kijiti kilimwanguka.

"Mzee wangu, mimi nilisema si kitu. Kila mpigaji nanyoosha."

"Basi mwite Kagaruki umwonyeshe niliponyooka," alisema Protase. "Mwambie nilirudia. Sema chochote. Nakuomba, mwanangu, binti yangu huyu hapa."

Kokuberwa aliinamisha kichwa. Hakuwahi kumsikia baba yake akimwomba mtu wa umri ule. Bundala naye aliona haya, akasema uongo huo hautashika, mzee Kagaruki ana macho ya mizani, lakini yuko tayari kumfundisha apige mbele kidogo ya mdundo. Ili aonyeshe jinsi ya kufanya, alivaa spika mwenyewe, akakaa kwenye kibao, akapiga mdundo rahisi ambao amekuwa akiupiga tangu Bumbire. Kisha akafungua picha kwenye kioo.

Vidoa vyote vilikuwa nyuma ya mistari.

Akarudia. Nyuma. Akamkalisha Kokuberwa, akamwambia asifanye ufundi wowote, asikilize mdundo na kugonga kwa kidole, moja, mbili, kama mtu anayebisha hodi. Nyuma, na kwa umbali uleule kabisa.

"Sasa mbona hata mimi ni mgonjwa," alisema Kokuberwa.

Bundala alikwisha kuigeukia kompyuta. Alikuwa amevuta kiti, anafungua visanduku kimoja baada ya kingine kwenye kioo, akinung'unika kwa Kisukuma. Ilimchukua karibu saa nzima. Mwisho aliinua uso, na ulikuwa uso wa mtu aliyegundua kwamba amekuwa akiwauzia watu kwa mizani mbovu.

Alieleza polepole. Kompyuta yake ilikuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja: kuupiga ule mdundo unaojirudia, na kuandika mapigo ya mtu. Kuandika iliandika papo hapo. Lakini sauti ya mdundo, kabla ya kutoka na kufika masikioni, ilikawia ndani kidogo. Mpigaji anafuata anachosikia, na anachosikia kimekwisha kuchelewa. "Mkono wako uko sawasawa, mzee. Aliyechelewa ni kompyuta. Wewe ulimfuata tu." Akaandika namba katika kisanduku kimoja, akamrudisha Protase kwenye kibao. Safari hii vidoa vilikaa, kimoja mbele ya mstari unywele mmoja, kingine nyuma unywele mmoja, vingi juu yake, kama mtu mzima anavyotembea.

Protase alilia mbele ya binti yake na hakujificha. Bundala aliahidi kumwita Kagaruki Jumamosi, aje na vidole vyake mwenyewe. Njia nzima ya kurudi Kanazi Kokuberwa aliimba, na baba yake akampigia mdundo kwenye kitako cha ndoo aliyomnunulia Getruda.

*

Getruda alikuwa ameketi jikoni na gauni la safari, hajavua hata viatu. Chungu kilikuwa motoni na hakukuwa na kitu ndani isipokuwa maji. Protase aliingia akiongea. Alieleza yote, ya mdundo, ya kukawia, ya kidole cha Kokuberwa, ya Bundala kunung'unika. Akaigiza, akacheka, akamwita mkewe kwa jina la usichana wake. Getruda alimsikiliza hadi mwisho. Hakutaka kumkatisha. Kisha akamtuma Kokuberwa kisimani na ile ndoo mpya.

Alifungua fundo la khanga akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Soma," alisema.

Protase alisoma. Ilikuwa na namba, tarehe, na neno moja lililozungushiwa kalamu. Alisoma tena kama vile neno lingebadilika likitazamwa.

"Wamekosea. Mashine zao ni kama ya Bundala."

"Wamepima mara mbili, baba Koku."

Maji yalichemka. Hakuna aliyemuuliza mwenzake ugonjwa umetoka wapi. Kila mmoja alikuwa na miaka yake ya kufikiria, ya vita vya Kagera na ya magendo mpakani na ya baada ya hapo, na hapakuwa na faida tena ya kuifungua. Protase alikaa chini kwenye vumbi la jikoni, na koti lake la kanisani, akashika mguu wa mkewe. Alisema yeye ndiye alipaswa kwenda. Alisema hivyo mara tatu.

"Mbwenu, sasa nisikilize," alisema Getruda. "Jumamosi utakwenda, utapiga."

"Tutakuwa tumewadanganya wakwe."

"Koku alizaliwa mwaka wa vita, kabla ya haya. Hajawahi kuugua hata tumbo. Hatumpi Datius mgonjwa, tunampa mtoto mzima. Kagaruki hakutuuliza habari za Koku; hata karatasi aliidai kwa sababu ya mashine. Atapewa mashine."

"Na mkono ukitetemeka?"

"Usitetemeke." Sauti yake ilivunjika hapo, kwa mara ya kwanza tangu Muleba. "Wana mlango mmoja tu hawa, Protase. Mmoja. Usiufunge."

Aliichukua karatasi kutoka kwa mumewe, akaitazama, akaisukuma chini ya chungu. Iliungua upesi kuliko jani kavu la mgomba. Kokuberwa aliporudi na maji aliwakuta wazazi wake wameketi bega kwa bega, akawatania kwamba ugomvi wa kompyuta umewarudisha ujana.

*

Jumamosi mvua ilipumzika. Ndani ya kile chumba waliingia Bundala, Protase, Kagaruki na mshenga Mushumbusi, ambaye kicheko chake kilikuwa kimerudi nusu. Getruda na Kokuberwa walisimama mlangoni. Datius hakuja; alikuwa amemtumia Kokuberwa barua ya kurasa sita, na Kokuberwa alikuwa amejibu kwa mstari mmoja, kwamba aje kwa miguu yake siku Kagaruki akimruhusu.

Bundala aliifuta kwanza ile namba yake, akairudisha kompyuta ilivyokuwa, akamwomba Kagaruki agonge. Mzee aligonga kwa kidole cha shahada, kwa uangalifu mkubwa, midomo ikihesabu. Kisha akavaa miwani yake akasogea kwenye kioo. Alitazama vidoa vyake mwenyewe vilivyojipanga nyuma ya mistari, halafu akatazama kidole chake. Kila aliyekuwa chumbani aliona woga ukimpita usoni, na Protase peke yake aliujua woga huo kwa jina.

"Si wewe, mzee," Bundala alimwahi. "Ni yenyewe." Akaeleza tena yote tangu mwanzo, akaandika namba.

Protase akakalia kibao. Getruda alitazama ile mikono, mikono aliyoijua ikivuna kahawa, ikimpaka dawa ubavuni. Mdundo ulianza masikioni mwa mumewe, ambao yeye hakuweza kuusikia, na vijiti vikashuka. Alipiga wimbo mzima. Hakufumba macho safari hii. Aliyakaza ukutani, na jasho likamtiririka hadi kidevuni. Alipomaliza hakuvua spika wala hakugeuka, kama mtu anayesubiri hukumu mahakamani.

Kagaruki alifuata vidoa kwa kidole, mstari baada ya mstari, wimbo mzima, hakuruka hata kimoja. Kisha akasimama wima.

"Yako juu ya mistari," alisema. "Huyu ni mzima kabisa. Mashine imenisuta, Ta Protase, karatasi haina kazi tena. Nisamehe."

Alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Kutoka mfuko wa koti alitoa kahawa ya kutafuna, imefungwa kwenye ganda kavu la mgomba. Alikuwa amekuja nayo, akitumaini, na hilo lilimfanya Protase ashindwe kumtazama. Walichukua wote kutoka ganda lilelile, vidole vikigongana. Mushumbusi akaanza kucheka kwa ukamilifu.

"Sasa hatuna haraka tena," alisema Kagaruki, akimgeukia Getruda kwa furaha ya mtu aliyetua mzigo. "Nilikuwa nafikiri, kwa nini tubanane na Pasaka? Tungoje kahawa ivunwe. Mwezi wa tisa mifuko itakuwa imejaa, tufanye harusi ya kuonekana."

"Hapana," alisema Getruda.

Ilitoka kwa nguvu kuliko alivyotaka. Wote walimgeukia, na Protase akaangalia sakafu.

"Iwe Jumamosi ileile tuliyopanga. Baada ya Pasaka."

"Haraka ya nini, Ma Getruda? Nyumba ni nzima, tumeona wote."

Getruda aliitia ile buni mdomoni akaitafuna taratibu, apate muda. Aliwaona wote wanamtazama, na binti yake katikati yao, amesimama vizuri, na ngozi yake inang'aa.

"Nimechoka kumlisha," alisema.

Walicheka sana. Kokuberwa alimfinya mama yake begani kwa aibu, na Mushumbusi akasema hajawahi kuona mama anayemfukuza binti hivi, huyu anataka wajukuu kabla ya masika kuisha. Kagaruki aliinua mikono, akakubali: Jumamosi baada ya Pasaka, asije akalaumiwa kwa njaa ya mtu. Getruda alicheka pamoja nao. Zilibaki wiki saba. Alizihesabu kwa vidole chini ya khanga, kisha akazihesabu tena, akaona mwili wake utazivuka.